Taa ya Jilala

Fundi Nassibu alitaka namba. Hilo tuliweke wazi mapema, kwa sababu baadaye wengi wetu tulipenda kumtupia yeye lawama.

Alitoka Kanyenye, Tabora mjini, ambako alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na pasi. Alikuja kijijini kwetu Tushirikiane, upande wa Ipole, mwaka mmoja baada ya sisi kutolewa porini na kupangwa kwa mistari kama mihogo. Tulikuwa na mabani tisa ya kukaushia tumbaku, majengo marefu ya udongo yaliyoezekwa nyasi. Ndani ya kila bani mabomba ya bati yalipitisha joto la tanuri chini ya majani yaliyoning'inia kwenye fito. Jani moja likidondoka juu ya bomba na kushika moto, kazi ya msimu mzima imekwenda. Bani moja lilituteketea hivyo, tukalijenga upya, na mwenyekiti wetu Bernardo akasema sasa basi, utaalamu upo.

Utaalamu ulikuwa Nassibu. Katika kila bani alifunga kipande chembamba cha madini mawili, cha aina ile iliyomo ndani ya pasi ya umeme, ambacho joto likizidi hupinda na kugusa waya. Waya ulitoka banini, ukapita juu ya nguzo mpaka ofisi ya kijiji, ukaishia kwenye ubao wenye taa ndogo tisa, taa moja kwa kila bani. Umeme ulitoka kwenye betri ya trekta. Trekta lenyewe lilikuwa limekufa tangu Sabasaba, kwa hiyo halikulalamika.

"Chini ya taa nitaandika moja mpaka tisa," alisema Nassibu.

"Watu si ng'ombe wa kupigwa chapa," alijibu Bernardo. "Andika majina ya wakuu wa mabani. Hapa ni kijiji cha Ujamaa, ndugu fundi."

Nassibu akaandika majina kwa rangi nyeupe. Kabla ya kupanda baiskeli yake alituambia tena, kwa sauti ya mtu anayejua hasikilizwi, kwamba tukibadilisha kitu chochote, hata msumari, tumwite kwanza. Tukamwambia hapana shaka, fundi.

Sasa, kwetu Unyamwezini mahali ni mtu. Ukiuliza njia utaambiwa upite kwa Jilala, ukate kushoto kwa Omari. Mtu akihama anaondoka na jina lake, na nyuma panabaki mahame ambayo hayaitwi kitu. Babu zetu waliobeba mizigo kwenda pwani waliishi hivyo, na sisi hatukuona sababu ya kujifunza kingine.

Msimu uliofuata mzee Omari alichoka kijiji, akarudi mjini, Isevya, kukaa kwa binti yake. Bani lake lilikuwa zuri kuliko yote, mwisho wa kijiji karibu na kijito, kuni mkononi na maji miguuni. Jilala aliliomba, akapewa, maana alikuwa mkuu wa bani wa siku nyingi na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumnyima. Aling'oa kibao chenye jina lake mlangoni kwake, akakitia begani, akahama nacho.

Bani aliloliacha, karibu na ofisi, akapewa Eustadia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Eustadia alikuwa mjane, na wanawake kwetu walifunga majani kwenye fito, hawakukausha. Lakini alikuwa amekesha na marehemu mumewe mbele ya tanuri miaka mingi, na rangi ya jani aliijua kwa harufu kabla hajafungua mlango. Aliipenda kazi ile. Hakuificha, aliiomba mkutanoni mwenyewe, amesimama, kanga kiunoni.

"Tanuri si jiko la ugali," alisema Jilala.

"Najua, mzee wangu. Ugali hauungui vibaya namna hiyo," alijibu Eustadia, na wanawake wakacheka mpaka Bernardo akagonga meza.

Akapewa msimu mmoja wa kujaribiwa. Akikosea, angerudi kufunga majani, na hakuna mwanamke mwingine ambaye angethubutu kuomba kwa muda mrefu. Sheria kubwa alisomewa mbele ya wote: mkuu wa bani hatoki banini moto ukiwa tanurini. Na katibu wetu Damas, mtu nadhifu, akalifuta jina la Omari kwenye ubao wa taa, akaandika Eustadia. Jina la Jilala lilikuwapo tayari, akaliacha palepale. Waya hakuna aliyeugusa. Wala hatukumwita Nassibu, kwa sababu kwa mawazo yetu hatukuwa tumebadilisha chochote. Watu walikuwa wamehama tu, jambo ambalo miaka ile lilikuwa la kawaida kuliko mvua.

Ilikuwa Machi, jua la mchana, na mabani yote yalikuwa na moto. Damas alikuwa ofisini akila karanga wakati taa moja ilipowaka kwenye ubao. Alisoma jina, akatoka mbio, akakigonga kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu. "Kwa Jilala! Kwa Jilala!"

Tukakimbia. Watu walitoka mashambani na jikoni, na ndoo, na matawi mabichi. Eustadia alikuwa peke yake mbele ya tanuri lake. Alisikia jina, akasimama kidogo, kisha akachukua ndoo yake iliyokuwa imejaa na kukimbia na wengine. Sheria aliijua. Lakini aliijua pia sheria nyingine ambayo haisomwi mkutanoni, kwamba kwa jirani kukiungua huulizi kwanza alikusema nini.

Kule kijitoni Jilala alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Hapa hakuna moto."

"Taa imewaka, mzee. Jina lako," alisema Damas akihema.

"Jina langu haliungui. Mnataka kusema sijui kukausha?"

Tukamwomba afungue. Akakataa, maana mlango ukifunguliwa joto linatoka na jani linaharibika rangi, na hapo alikuwa na haki. Lakini alipokubali, hakutaka tuchungulie tu. Alitaka tukiri. Alituingiza mmoja mmoja tunuse, tutazame bomba moja baada ya jingine, tuseme kwa sauti mbele ya wenzetu tumeona nini. Eustadia aliingizwa wa mwisho.

Alitoka akijifuta jasho. "Bani lako ni zima, mzee wangu," alisema.

"Sema tena, wasikie."

Alikuwa anafungua mdomo aseme tena wakati mtu alipogeuka nyuma na kuona moshi juu ya paa karibu na ofisi.

Tulipofika, nyasi zilikuwa zimeshaanguka ndani. Eustadia alisimama na ndoo yake ile ile, maji yamebaki nusu, akayamwaga penye moto ingawa hayakuwa na maana. Kisha alikaa chini akalia waziwazi kama anavyolia mtu aliyefiwa, na sisi tukasimama pale na matawi yetu kama wapumbavu. Nassibu, alipoitwa kesho yake, alifuata waya wa taa ya Jilala kutoka kwenye ubao, nguzo kwa nguzo, akaishia kwenye majivu ya Eustadia. Akatuambia taa ilisema kweli. Hakusema zaidi, na tulimchukia kidogo kwa adabu yake.

Mkutano ukakaa jioni hiyo. Bernardo alikuwa na huzuni, lakini sheria ni sheria.

"Ulitoka banini moto ukiwa tanurini?"

"Nilitoka, ndugu mwenyekiti."

"Ulikwenda wapi?"

"Kwa Jilala. Nilisikia anaungua."

Kila mkuu wa bani alikuwa ametoka, na kila mmoja alitazama miguu yake. Kwa sheria ile, mtu pekee asiye na kosa alikuwa Jilala.

Naye akasimama. Tuliona amezeeka ghafla. "Mimi ndiye niliyewachelewesha," alisema. "Tungeliwahi paa lile. Huyu mama hana kosa, asirudishwe kwenye kufunga majani. Na ili muone ninasema kweli, bani langu la kijitoni nampa yeye."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Yalikuwa maneno makubwa, na tulijua yanavyokwenda: mtu mzima anatoa kitu mbele za watu, mpewa anakataa kwa unyenyekevu, anabembelezwa, anakataa tena, kisha mtoaji anarudi na kitu chake nyumbani na heshima wamegawana. Jilala alikwisha kuanza kukaa.

Eustadia akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Nashukuru, mzee wangu," alisema. "Nitalichukua. Kesho asubuhi."

Makofi yakakatika. Bernardo akamtazama Jilala, Jilala akatutazama sisi, na sisi hatukuwa na msaada wowote wa kumpa. Ndani ya lile bani kulikuwa na majani yake yaliyobakiza siku mbili kukauka, rangi ya dhahabu. Wote tulikuwa tumeyanusa.

Jilala akainuka tena.

"Basi uje mapema," alisema mwishowe. "Bomba la kushoto lina tundu, inabidi nikuonyeshe."