Magodoro Matatu, Wageni Wanne

Jumamosi mchana Nakhumicha alirudi nyumbani Kangemi kutoka Westlands, ambako alisimamia usafi wa vyumba katika nyumba ya wageni, akamkuta bintiye ameinamia daftari kama aliyepoteza sindano humo ndani. Jumatatu Nasimiyu alikuwa na mtihani wa marudio wa kemia. Akianguka tena, angerudia mwaka mzima chuoni.

"Binamu zako wa Bungoma wanafika saa kumi," Nakhumicha alisema. "Umetandika?"

"Nimetandika, Mama. Magodoro mawili. Wawili wawili."

Nakhumicha alichungulia chumbani. Godoro la tatu lilikuwa limeegemezwa ukutani, safi, halina kazi.

"Hili linangoja nani?"

"Nilitaka kupunguza shuka za kufua."

"Ndiyo uwabane watu na godoro liko? Kila mtu apewe lake kwanza. Yakiisha, huyo wa nne ndiye atalala na mwenzake. Na waelekee tofauti, kichwa huku, kichwa kule, wasipumuliane usoni."

Nasimiyu alitandika upya, akarudi kwenye daftari. Mama yake akamfuata na kikombe cha chai.

"Na hivi visanduku ulivyochora?"

"Obitali. Ni sehemu ndani ya atomu ambapo elektroni inaweza kupatikana."

"Inaweza? Hamjui iko wapi?"

"Hatujui hasa ilipo. Tunajua tu inapopenda kukaa."

"Kama baba yako Jumamosi. Ukimkosa kwa kinyozi, yuko sokoni. Endelea."

Nasimiyu alimwonyesha oksijeni. Ina elektroni nane: mbili kwenye kisanduku cha chini kabisa, mbili kwenye kinachofuata, kisha nne zinazogawana visanduku vitatu vilivyo sawa. Yeye alikuwa ameweka mbili, mbili, na cha tatu kitupu. Mwalimu alikuwa amechora alama nyekundu ya kosa juu yake.

Nakhumicha alitazama karatasi, akatazama mlango wa chumba.

"Umefanya tena."

"Nini?"

"Godoro tupu, na watu wamebanana."

Nasimiyu aligeukia mlango wa chumba, akarudisha macho kwenye daftari. Kisha akachukua kifutio. Akachora mshale mmoja wa kuelekea juu, yaani elektroni moja, katika kila kimoja cha vile visanduku vitatu, na ule wa nne akauweka kando ya wa kwanza, ukielekea chini.

"Kichwa huku, kichwa kule," alisema polepole. "Mwalimu alisema elektroni husukumana, ndiyo maana kila moja hutafuta pake kwanza. Mimi nilikariri tu."

"Sasa nipe ya wageni watatu."

"Naitrojeni. Kila mtu na lake."

"Haya. Kunywa chai."

Ijumaa iliyofuata simu ililia Nakhumicha akiwa anakunja kona ya shuka kazini.

"Nimepita, Mama."

"Ngapi?"

"Sitini na nane."

"Na hizo thelathini na mbili zimelala wapi?"

Alikata simu kwanza, ndipo akacheka, akaketi kabisa juu ya kitanda cha mgeni alichokuwa amekitandika vizuri.