Kibuyu cha Kidato cha Pili

Muli alianguka katikati ya uwanja akikimbilia kona, na hakuna aliyekuwa amemgusa. Tulimbeba hadi kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, tukampa maji yenye sukari, akafungua macho na kuuliza kama ilikuwa goli. Alikuwa hajala tangu jana yake. Kesho yake mwalimu mkuu, Bwana Kinuthia, alitangaza kwamba hakutakuwa na mpira mpaka mvua inyeshe, akaufungia stoo pamoja na majembe.

Huo ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Nilikuwa nimevua joho la chuo kikuu juzi tu, nikatumwa kufundisha hisabati katika shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, juu ya soko la Mbumbuni. Nilikuja nikiamini kwamba mtoto akielewa jambo moja vizuri, hatashindwa kwa urahisi na mengine. Bado naamini. Lakini mpira ulipofungiwa, madawati yalianza kubaki matupu. Wale waliokuja shule kwa ajili ya mpira ndio waliotangulia kuondoka, wakaenda kutafuta vibarua katika miji ya Emali na Sultan Hamud.

Ndipo nikabuni mchezo. Nilichora uwanja kwa chaki juu ya meza mbili zilizounganishwa, nikaokota vifuniko vya soda sokoni, kila kimoja nikakiandika jina la mchezaji. Hakuna aliyehitaji kukimbia. Wewe ulikuwa meneja, na kazi ya meneja ni kuamua: utapanga mabeki wangapi, nani aanze, nani akae benchi. Halafu, kabla ya kila kipindi, ulitangaza moyo wa timu yako, yaani jinsi itakavyocheza, na uliruhusiwa kuubadilisha mara moja katikati.

Mioyo ilikuwa minne. Funga Mlango, Tahadhari, Songa Mbele, na Kufa Kupona. Darasa zima liliipa majina hayo kwa kelele.

Kilichobaki ni bahati. Kwanza nilichonga dadu ya mti. Bwana Kinuthia aliiona akaishika kwa ncha za vidole.

"Mwalimu Mumbua, wazazi wa hapa wameokoka. Wakiona hii watasema nafundisha kamari."

"Ni somo la uwezekano, bwana mkuu. Liko kwenye silabasi."

"Silabasi haikai kanisani Jumapili. Tafuta kitu kingine."

Nikachukua kibuyu kidogo jikoni kwetu shuleni, kilichokuwa cha maziwa siku ambazo kulikuwa na maziwa, na wanafunzi wakaleta kokoto nyeupe na nyeusi kutoka kwenye mto uliokauka. Unaposhambulia, unatikisa kibuyu na kudondosha kokoto moja mezani. Nyeupe ni goli, nyeusi ni mpira umetoka nje. Ukichagua Funga Mlango, kokoto nyeupe huwa chache kibuyuni, kwako na kwa mpinzani. Ukichagua Kufa Kupona, nyeupe huwa nyingi, kwako na kwa mpinzani pia. Kila moyo ulikuwa na bei yake, na hakuna aliyeweza kukwepa kuilipa.

Nililelewa Machakos mjini, katika nyumba ya maombi asubuhi na jioni. Kwangu mimi kibuyu kilikuwa chombo cha maziwa, basi.

Mwezi haukuisha kabla ya madawati kuanza kujaa tena. Na katika mameneja wote hakuna aliyemkaribia Kalunde, msichana mwembamba wa dawati la mbele, binti wa Mzee Jonah, mzee wa kanisa. Wavulana walimchukia kwa wiki moja, kisha wakaanza kugombania kuwa wasaidizi wake. Hakuwahi kuchagua Funga Mlango, hata siku moja.

"Wewe hujui kuogopa," Mutie alimwambia siku alipofungwa naye manne kwa matatu. "Ulikuwa unaongoza. Si ungefunga tu mlango tuende nyumbani?"

"Nyumbani kuna nini?" Kalunde alisema. Darasa likacheka, kwa sababu wote walijua kuna nini. "Mutie, mwaka huu wote tunafunga. Mama amefunga ghala, mwalimu mkuu amefunga stoo, mkanda wako huo umeufunga mpaka umeutoboa tundu jipya. Mahali ninapoweza kufungua ni hapa tu. Na wewe unataka nifunge?"

Habari zilifika Tawa. Shule ya huko nayo ilikuwa imefungia mpira, na kidato chao cha pili kikajitengenezea vifuniko, kikatutumia ujumbe: watakuja Jumamosi tucheze, meneja kwa meneja. Nilimtaja Kalunde mbele ya wote. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

Jumatano alinisubiri nje ya darasa.

"Mwalimu, baba anasema mwisho wa mwezi niende Emali kwa shangazi. Ana hoteli. Nioshe vyombo mpaka mvua ije."

"Na mvua ikija utarudi?"

"Dada yangu aliambiwa hivyo hivyo." Alitazama chini mahali alipokuwa akichora mraba kwa kidole cha mguu. "Nimemwambia nipe mpaka Jumamosi nicheze na Tawa. Kisha nitakwambia kama nitaenda au nitakataa."

"Ulimwambia baba yako hivyo?"

"Nilimwambia la Jumamosi. Hilo lingine nimekwambia wewe."

Jumamosi darasa lilijaa mpaka madirishani. Wengine waliokuwa wameacha shule walirudi kuangalia tu. Meneja wa Tawa aliitwa Ndolo, kijana mrefu aliyevaa koti la baba yake, na alipomwona Kalunde alitafuta nyuma yake.

"Meneja wenu yuko wapi?"

"Unamtazama," akasema Mutie.

"Aiya! Mbumbuni mmeishiwa na wanaume? Wote wamekula mahindi ya njano wakalala?"

"Panga timu, bwana koti," Kalunde alisema. "Mikono ikipotea ndani tutakusaidia kuitafuta."

Ndolo hakuwa mjinga. Kila timu ilipewa mashambulizi matatu kwa kipindi, na katika kipindi cha kwanza alitangaza Tahadhari, akatuachia tupoteze mashambulizi yetu yote, akadondosha nyeupe kwa shambulizi lake la mwisho. Moja kwa sifuri. Wenzetu wa Tawa walipiga madawati kama ngoma.

Wakati wa mapumziko Ndolo alitangaza mapema, mikono kifuani, "Funga Mlango." Wasaidizi wote wa Kalunde walimzunguka. Songa Mbele, walimwambia. Ongeza nyeupe kiasi, usimpe nyingi na yeye. Nami, kwa hisabati zangu, ningesema vile vile. Kalunde alichukua kifuniko cha beki wa kushoto, akakiweka benchi, akaweka fowadi wa nne.

"Kufa Kupona," akasema.

Nilihesabu kokoto za mioyo yote miwili na kuzitia. Alikiinua kibuyu karibu na sikio lake, akaanza kukitikisa, na hapo ndipo mlango ulipogongwa kwa fimbo.

Aliingia Mzee Jonah, na nyuma yake Mzee Kiema, mzee mwenzake wa kanisa. Mzee Jonah hakuwaangalia watu. Alikuwa anakiangalia kibuyu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia sauti aliyodhani imekufa zamani.

"Weka hicho chini," akasema.

Kalunde hakukiweka. Alikishika tu bila kukitikisa.

"Nilikwambia, Jonah," akasema Mzee Kiema. "Kibuyu na mawe. Ndani ya shule. Mwalimu wa chuo kikuu anawafundisha watoto ramli."

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeikimbia dadu nikaenda moja kwa moja kwenye kifaa cha mganga wa Ukambani, kile anachokitikisa akidondosha mbegu na mawe ili kujua kwa nini ng'ombe wanakufa au nani amemroga nani. Kila mtu mwenye mvi katika Mbumbuni angekitambua kwa mlio wake tu.

"Wazee, shikamooni," nilisema. "Ni mchezo wa mpira. Kama kibuyu kinawakwaza, tutatumia kikombe. Mutie, kimbia jikoni ulete..."

"Hapana, mwalimu," akasema Kalunde.

"Kalunde."

"Nikibadilisha sasa, nitakuwa nimekubali kwamba kilikuwa cha uganga. Sikubali." Alimgeukia baba yake. "Baba, huu ni mpira. Tumefungwa moja."

"Mama yangu alikuwa na kibuyu," Mzee Jonah alisema polepole. "Nilikichoma kwa mikono yangu siku niliyookoka, na yeye akaacha kuniita mwanawe. Sikufanya hivyo ili nije nikute binti yangu anakitikisa. Sikiliza. Ukikitikisa tena, Jumatatu huji shule. Hatungoji mwisho wa mwezi. Jumatatu ni Emali."

Kalunde alikivuta kibuyu kifuani.

"Mganga huuliza mawe afanye nini," akasema. "Mimi sijauliza. Nimeshaamua kabla ya kutikisa. Uliza hawa wote. Nimesema Kufa Kupona, na mawe yakipenda yasipende, ndiyo hiyo."

Akatikisa.

Kokoto ilidondoka nyeusi. Upande wa Tawa haukushangilia. Hata wao walikuwa wanamtazama mzee.

"Unaona," akasema Mzee Kiema. "Yamekukatalia."

"Zamu yako," Kalunde akamwambia Ndolo.

Ndolo alikipokea kibuyu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwingine. Akatikisa. Nyeusi. Akakirudisha haraka. Kalunde alikiinua tena, na kokoto yake ya pili ikadondoka ikazunguka mezani karibu na golikipa wa Tawa, kisha ikalala. Nyeusi.

"Badilisha moyo," Mutie alimnong'oneza. "Songa Mbele. Bado tunaweza kupata sare."

"Sibadilishi."

"Binti," Mzee Jonah alisema. Alikuwa amesogea mpaka kwenye meza. "Mara mbili mawe yamesema hapana. Mbona huachi?"

"Nani amesema hapana?"

"Mawe."

"Mawe hayanijui, baba. Hayajui hata kama ni Jumamosi."

Ndolo akatikisa kwa zamu yake, na safari hii nyeupe ikadondoka. Mbili kwa sifuri. Hiyo ndiyo bei ya Kufa Kupona, na Kalunde aliilipa bila kukunja uso. Alichukua kibuyu. Lilikuwa limebaki shambulizi lake la mwisho. Goli moja lisingetosha, na kila mtu aliyeweza kuhesabu alijua hivyo. Angeweza kukiweka chini, akamwomba baba yake msamaha, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikitikisa kwa nguvu kuliko mara zote.

Nyeupe.

Mbumbuni walilipuka. Muli, yule aliyeanguka uwanjani, alipanda juu ya dawati. Shambulizi la mwisho la Ndolo lilitoka nje, na mchezo ukaisha mbili kwa moja, tumeshindwa, na watoto wetu walikuwa wanaruka kuliko washindi.

Mzee Jonah hakusogea. Aliokota kokoto moja nyeusi, akaigeuza geuza kiganjani.

"Kwa mama yangu," akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani, "mawe yakikataa mara mbili, mtu alichukua mbuzi aliyemleta akarudi nyumbani. Hata mtu mzima alirudi akilia. Nimeona wanaume wakubwa wakilia. Sijawahi kuona mtu akikataliwa na kibuyu halafu akakitikisa tena."

"Jonah, twende," akasema Mzee Kiema. "Kesho jambo hili litafika mbele ya kanisa."

"Lifike. Nitasimama mimi niseme nilichoona."

"Utasema nini?"

"Kwamba hakuna aliyeyaabudu haya mawe. Huyu msichana ameyadharau mbele ya macho yangu." Aliirudisha kokoto mezani. "Na kama mtanitoa kwenye uzee wa kanisa kwa hilo, mnitoe."

Mzee Kiema alitoka bila kuaga. Mzee Jonah alinigeukia, nami nikanyoosha mgongo kama mwanafunzi.

"Mwalimu, Jumatatu atakuja."

"Na Emali, mzee?"

"Shangazi yake ana mikono miwili, ataosha vyombo mwenyewe." Alisita. "Chakula sina. Sikudanganyi. Atakuja na njaa."

"Sote tunakuja na njaa," nikasema.

Nilidhani angeondoka. Badala yake aliinama juu ya meza, akasogeza fimbo mpaka mahali palipokuwa wazi upande wa kushoto.

"Hapa palikuwa na mtu. Kwa nini ulimtoa beki na umefungwa tayari?"

"Kwa sababu tulikuwa tumefungwa tayari, baba. Beki alinde nini?"

"Msifungwe zaidi!"

"Ukifungwa moja au tano, Tawa watacheka vile vile."

"Si vile vile. Moja unaweza kurudisha."

"Kwa mabeki wanne? Utarudisha na nani?"

"Mzee anasema kweli," Ndolo alidakia akiwa mlangoni, koti begani. "Pale kushoto ndipo nilipopitia."

"Wewe nyamaza," Kalunde alimwambia. "Jumamosi ijayo tunakuja Tawa. Na nitamtoa beki wa kulia pia."

Baba yake alipumua kwa nguvu. Walitoka pamoja, fimbo yake ikichora kwenye vumbi la njia, mabeki wanne, viungo watatu, naye Kalunde akiifuta kila alama kwa mguu na kuchora yake. Niliwasikia wakibishana mpaka walipoupita uwanja mtupu, na hakuna aliyekuwa amekubali.