Tovuti ya Mtindi ya Astaman

Astaman wa ua wetu hapa Bhaktapur ni fundi wa mtindi, na kwenye mtindi hana mpinzani. Tatizo lake ni mikono, haijui kutulia. Mpe redio asikilize, ataifungua aone kilichomo. Mpe mtoto ambebe, atamvua kofia ili amvishe upya.

Shemeji yake Rujita, mdogo wa mkewe, hutengeneza tovuti katika ofisi moja kule Patan. Siku moja alikuja kula kwa dada yake, akashiba, akasema atamtengenezea shemeji tovuti ya mtindi, mradi asiingilie kazi.

"Niingilie mimi?" Astaman akajifanya kaumia. "Jina la tovuti tu ndilo nitakalolinunua mwenyewe. Jina la mwanamume halinunuliwi na shemeji."

Akalinunua kweli mtandaoni, na nywila akaificha hata kwa mkewe, Purna.

Tovuti ilipokuwa tayari, Rujita akampigia simu. Astaman alikuwa uani, na kwa kuwa simu yake huongea kwa sauti kama yeye mwenyewe, sote tulisikia.

"Shemeji, tovuti iko kwenye kompyuta zetu huku, ila jina lako bado halina habari. Fungua akaunti yako, utafute palipoandikwa seva za majina. Mtu akiliita jina lako, hizo seva ndizo zinazomwonyesha pa kwenda. Tunaziondoa za zamani, tunaweka zetu."

"Nimepaona. Kuna nafasi ya kwanza na ya pili."

"Hapo hapo. Subiri nikutumie cha kuandika."

Hakusubiri. Punde tukamsikia anagombana na simu. "Inakataa! Kampuni ya wezi hii."

"Umeandika nini, shemeji?"

"Ya kwanza Astaman, ya pili Purnakeshari."

Tukasikia kicheko cha mtu anayetafuta pa kushikilia. "Shemeji, hujazi cheti cha ndoa!"

"Si wametaka majina?"

"Seva za majina, siyo majina ya wenye nyumba! Nakili hizi nilizokutumia, herufi kwa herufi, halafu uondoke. Habari huchukua muda kuenea. Wengine wataiona tovuti leo, wengine kesho, wengine keshokutwa. Usiguse tena, umenisikia?"

"Kwani mimi mtoto?"

Akanakili, ikakubali. Akafungua tovuti yake, akakuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: jina hili limeshanunuliwa. Akanywa chai, akafungua tena. Ule ule. Hapo vidole vikaanza kumwasha. Akarudisha seva za zamani, eti huenda mpya zimechoka. Akaweka mpya. Akarudisha za zamani. Purna akamkuta katika hali hiyo, akasimama mlangoni na ufagio wake.

"Baba Suyog, juzi hukumfokea jirani kwa kufunua blanketi la vyungu, eti achungulie kama mtindi umeganda?"

"Ule mtindi. Hii ni kompyuta."

"Tofauti ni kwamba kule fundi ni wewe."

Akamsimamia mpaka akaweka seva mpya, kisha akaichukua simu akaitia kwenye mkunjo wa sari yake. Hakumrudishia hadi kesho yake, siku ya karamu.

Karamu yenyewe ilikuwa Thimi, ukweni kwa Astaman. Mtoto wa kaka yake Purna alikuwa analishwa wali wake wa kwanza, na sisi majirani tukaalikwa. Tulikaa kwa mistari juu ya mikeka, sahani za majani mbele yetu, Rujita akipita na ndoo ya kunde. Aila, pombe yetu kali ya mchele, ilipozunguka mara kadhaa, Astaman akasimama.

"Jamani, leo tovuti yangu ipo hewani. Toeni simu."

Rujita akaduwaa na upawa mkononi. "Shemeji, nilikuomba usubiri!"

Lakini simu zilishatoka. Kaka yake Purna, baba wa mtoto, akawa wa kwanza kusema. "Mimi naona weupe mtupu. Ndio mtindi wenyewe?"

Mstari wa wanaume ukaangua kicheko. Kutoka mstari wa wanawake mtu akajibu, "Nyie vipofu? Mbona sisi tunaiona!"

"Mnaona nini? Simu zetu zinalingana!"

"Zinalingana, ila zenu zimelewa!"

Basi karamu ikagawanyika pande mbili, kila upande ukiuita mwingine mwongo, na mtoto aliyesherehekewa akalala. Astaman akatazama simu yake. Weupe. Akatazama wanawake, akaona wamenyamaza ghafla, mama mkwe wake amejiziba mdomo.

"Rujita!" akanguruma. "Umeweka ile picha yangu nikikoroma mdomo wazi?"

"Njoo, baba," mama mkwe akamwita, akampa simu yake.

Juu ya ukurasa alikuwepo Chirimaya, mama yake Astaman, ameketi kibarazani na vyungu vyake, anacheka na pengo lake la mbele. Alishafariki, na picha zote za nyumbani ziliondoka na kuta siku ya tetemeko. Astaman alikuwa hajaiona sura ya mama yake tangu wakati huo. Kidole chake kikaja hadi karibu na kioo, kikasita hapo.

"Umeipata wapi?"

"Niliipiga mwenyewe, mara ya kwanza nilipokuja kwenu na dada," Rujita akasema kwa sauti ndogo. "Alinionjesha mtindi, akaniuliza kama na mimi nina mchumba au niongezewe bakuli. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuiona, shemeji. Sasa na vidole vyako hivyo..."

Tukainamia sahani zetu, maana si vizuri kumtazama mwanamume anayelia ukweni.

"Jamani, mimi bado naona weupe," kaka yake Purna akalalamika, na sote tukacheka kwa shukrani.

Simu ile Astaman hakuirudisha. Mama mkwe alimaliza karamu bila simu, wala hakuidai.

Kesho yake Astaman alikuwa jikoni anachemsha maziwa, simu yake mwenyewe ilipokubali kuifungua tovuti. Purna akiwa ghorofani akasikia harufu ya kuungua, akashuka mbio, akakuta maziwa yamefurika mpaka sakafuni na mumewe amekaa katikati yake, ametabasamu. Asubuhi iliyofuata wateja walirudi na vyombo vitupu. Astaman aliwaambia mtindi umekwisha, ila upo kwenye tovuti, wakautazame.