Tuanze na Ipi, Mama Merle?

Kwa miaka miwili na mwezi mmoja hatukulitaja jina la baba mdogo. Ndivyo tunavyofanya sisi wenyeji wa asili wa Kimberley, huku Australia, mtu akifariki: picha yake tunaigeuza ukutani, jina lake tunaliweka kando, na kama alikuwa mwimbaji, nyimbo zake zinanyamaza mpaka wenye msiba waseme basi. Mimi ndiye niliyezifungia albamu zake tisa kwenye sanduku pale redioni kwetu, nikalizungushia selotepu. Watu wa Perth na Sydney walikuwa wakituandikia: ndiyo kwanza wamepata habari za huyu mzee, waanze na albamu ipi? Nikawajibu wasubiri, kama tunavyosubiri sisi.

Jumatatu mjane wake, Mama Merle, akatuma neno kwamba Ijumaa tufungue, na ya kwanza kupigwa ataichagua yeye. Kesho yake asubuhi nikaenda kwake na orodha yangu tayari, maana mimi kazi ya kubahatisha siipendi. Nilimkuta barazani na kaka yake, Cedric, wanakula mkate na nyama ya kopo.

"Ya nne," nikasema kabla sijaketi. "Iliyopata tuzo. Mna fidla ishirini mle."

"Fidla za nani?" Cedric akadakia. "Shemeji yangu mle anasikika kama kavaa viatu vya kuazima. Anza na ile ya mgomo wa wachunga ng'ombe, wazee wote watalia."

"Wewe unalia hata timu yako ikishinda."

"Inashinda lini, mwanangu? Lazima nilie."

Mama Merle hakucheka. "Ile ya darasani," akasema.

Tukamtazama. Ile ya darasani ilirekodiwa hapa hapa shuleni wakati wa likizo, kwa mashine ya mwalimu. Feni inanguruma, mbwa anabweka, na kabla ya wimbo wa kwanza kuna dakika nzima ya watu kuburuta viti. Haikuuzika. Kwenye orodha yangu ilikuwa ya mwisho, na kando yake nilikuwa nimeandika: kwa wavumilivu tu.

"Mama mdogo," nikasema kwa upole wa kujilazimisha, "siku hiyo nchi nzima itasikiliza."

"Isikilize. Mke nilikuwa mimi, si nchi nzima."

Akafuta makombo mapajani, taratibu. "Siku ile alikuwa karudi baada ya miezi mitano barabarani, na mimi nimemnunia. Ananiita, simjibu. Mashine ikachukua yote. Miaka thelathini na minne sijaisikiliza. Kila alipoiweka, nilitoka nje. Naogopa, Noelene. Kuimba kwake nakumbuka, kila mtu anakumbuka. Kuongea ndiko kunanitoka. Juzi nilijaribu kumsikia kichwani, sikumpata."

Nikaikunja orodha. Nilijiona mjinga, na nilistahili.

Ijumaa mchana akina mama wazee wakakifukiza chumba cha redio kwa moshi wa majani, kama tufanyavyo kuhitimisha msiba, wakamfukiza na Mama Merle mwenyewe. Nje watu walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya magari yao, redio zote zimewashwa. Nikakata selotepu, nikaiweka santuri. Mama Merle alikaa karibu yangu, kashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ukizidiwa niambie, nitazima," nikamnong'oneza.

"Zima uone nitakavyokuchapa."

Feni ikanguruma. Viti vikaburutwa, mbwa akabweka mara mbili. Halafu akaja yeye, karibu kabisa, wala haimbi:

"Merle! Merle, mpenzi, chai yangu iko wapi?"

Kimya. Mahali fulani kijiko kinagonga kikombe. Baba mdogo akacheka kidogo, peke yake, kisha akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko mtangazaji yeyote angevumilia, nami nilijua anamngoja nani.

Mama Merle akaiinamia maikrofoni. Ilikuwa wazi, inarusha hewani, na sikuifunga.

"Inakuja, mume wangu," akasema. "Kaa hapo hapo, nakuletea."