Mkalimani wa Getini

Wakubwa wa chuo chetu hapa Gojam walitundika bango ukutani, refu kuliko nyumba yangu: Chuo cha Wote. Mwezi huohuo wakamwachisha kazi mkalimani wa viziwi. Mkataba umeisha, walisema. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nililisoma vizuri.

Nilikuwa mlinzi wa geti mwaka wa kumi na saba. Wanafunzi viziwi walikuwa sita. Asubuhi nilipekua mikoba yao kama ya wengine, kisha tukapiga soga kidogo kwa mikono. Lugha ya alama nilifundishwa na mke wangu, Tiruye. Homa ilimnyang'anya masikio akiwa mdogo, watawa wakamfundisha alama, naye akanifundisha mimi. Tuliishi nayo miaka ishirini na minane. Alipofariki, mikono yangu ikakosa wa kusema naye. Hata sasa hujikuta nimeinua kidole kuuliza chumvi iko wapi, nimeuelekea ukuta.

Kwa hiyo sitadanganya. Ofisi ya mkuu wa kitivo iliponiita, nilifurahi.

Ilikuwa habari ya Meklit, binti wa mwaka wa mwisho. Alhamisi alitakiwa kusimama mbele ya watahini kutetea utafiti wake. Bila mkalimani wangemwahirishia mwaka mzima, na mwaka ujao wangekuwa na sababu nyingine. Katibu wa ofisi alinieleza kwamba mkuu, Dakta Andualem, amesikia mlinzi anajua ile ya mikono. Kazi ya mtu aliyeisomea miaka, wakamtupia mpekua mikoba. Wakubwa ndivyo walivyo. Wakivunja kitu hutafuta mdogo wa kukishikilia kisianguke.

Meklit mwenyewe hakuchangamka. Jumatano alinijia getini, akanihoji kama hakimu. Nisivae gabi, ile shuka yangu nzito ya baridi, maana inameza mikono. Nisisimame kando yake bali nyuma ya watahini, ili anione mimi na wao kwa jicho moja. Akamalizia kwa vidole vikali:

"Baba Mekuria, kila neno. Wakikohoa, niambie wamekohoa."

Nikamjibu kwamba miaka ishirini na minane na mke kiziwi si mchezo, mwanangu. Akasema tutaona.

Watahini walikuwa watatu, Dakta Andualem mmoja wao. Utafiti ulihusu udongo uliochachuka wa mashamba ya teff, nafaka ya mkate wetu wa injera, na namna chokaa inavyouponya. Mimi mtoto wa mkulima. Mambo ya jembe na mbegu niliyamudu. Maneno ya vitabuni yalinikwama, Meklit akawa ananiandikia ubaoni nayasoma kwa shida. Tulikwenda hivyo, tukichechemea, lakini tulikwenda.

Kisha Profesa Wubshet, aliyetoka chuo kingine, akamwinamia Dakta Andualem. Alikuwa anatafuna shayiri ya kukaanga. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mpe alama hamsini apite, aende zake. Huko shambani nani atamwelewa?"

Mikono yangu ilibaki tumboni. Kiziwi hasikii lililosemwa, ila huona kwamba limesemwa. Meklit akaniuliza wamesema nini.

"Si kitu," nikamwambia.

Akaweka chaki mezani. Alinitazama, kisha akauliza polepole, ishara mojamoja:

"Na mkeo ulikuwa unamwambia hivyo?"

Watahini wakageuka kunitazama, wanangoja tafsiri. Sikutafsiri.

Kwa mawazo nilikuwa nimerudi kliniki, miaka mitatu nyuma. Daktari alisema maneno mengi siku ile. Tiruye alikuwa kwenye kiti cha chuma, akanivuta mkono wa koti: anasema nini? Nikamwambia si kitu, ni dawa tu, utapona. Alifariki wiki ya tano. Dada yake wa Dessie alikuja kuzika, hakuja kuaga, kwa kuwa hakuna aliyemwita, na Tiruye, aliyepaswa kumwita, hakujua kwamba anakufa. Nimewalaani wakubwa wa kliniki ile kwa kutokuweka mkalimani, na sitaacha, wanastahili. Lakini mkalimani alikuwepo. Alikuwa ameketi kiti cha pili.

Nikainua mikono nikampa Meklit yote, hamsini na shamba na nani atamwelewa, hata kwamba profesa alikuwa anatafuna.

Masikio ya Meklit yakawa mekundu. Akaanza kujibu, nami nikatoa sauti yake. Tangu asubuhi nilikuwa nasema "anasema, anasema." Safari hii sikusema hivyo.

"Mimi nimezungumza na wakulima thelathini na mmoja, Profesa. Kwa kijiti mchangani, kwa mikono, kwa kuonja udongo pamoja nao. Wewe mwaka huu umezungumza na wangapi?"

Kule kutafuna kukakoma. Baada ya hapo walimuuliza maswali ya kweli kwa saa nzima, akafaulu, tena vizuri.

Mlangoni Dakta Andualem alinipiga bega. "Mzee, dawa tumeipata. Utakuwa unatutafsiria wewe. Mkalimani wa nini tena?" Nilijua hilo ni kosa, na nililitaka. Kila siku darasani, watu sita wa kusema nao.

Kesho yake Meklit aliniletea barua, wote sita wameitia sahihi. Kabla hajaifunga alinieleza yaliyomo. Wanataka mkalimani aliyesomea kazi hiyo, na mlinzi asitumiwe tena. "Hana nia mbaya," alikuwa ameandika, "lakini anaficha maneno." Akaniomba niipeleke mimi, maana kiziwi ofisini huitwa jina asisikie, akashinda benchini mpaka wanafunga.

Niliiweka mfukoni. Barua ngapi hupotea kwenye ofisi ile, na nani angeniuliza? Nilikula injera yangu na mchuzi wa shiro uliopoa nikiwa peke yangu kibandani. Nikaona mbele yangu maelfu ya asubuhi za kuwasalimia watu wenye masikio. Kisha nikanawa, nikapanda ngazi.

Sikuondoka mpaka Dakta aisome kwa sauti. Alipofika kwenye habari yangu alicheka.

"Hana shukrani binti huyu," akasema. "Na wewe mzee, punda gani anabeba mwenyewe fimbo ya kumpigia?" Kuhusu mkalimani, akasema labda muhula ujao.

"Labda, au ndiyo?" nikamuuliza. Sijawahi kumuuliza mkubwa swali mara mbili. Akanitazama sana, akaandika kitu juu ya barua, akasema ndiyo.

Meklit alikuwa ananingoja getini. Nikamweleza yote, kuanzia kicheko. Hana shukrani, nikamwambia. Punda na fimbo, nikamwambia. Labda, kisha ndiyo. Alifuata mikono yangu bila kupepesa, akaweka kiganja kifuani kunishukuru, akavuka barabara. Wenzake watano walikuwa wanamsubiri, na kabla hajafika mikono yao ilikuwa imeshaanza kuuliza. Kwa umbali ule macho yangu hayakuweza tena kusoma.

Nikamgeukia mwanafunzi aliyefuata kwenye foleni, nikamwambia afungue mkoba.