Chumba cha Mama Mkwe

Mpulizaji dawa ya mbu aliingia nyumbani kwa mama mkwe wake kifua mbele, bomba mgongoni. Kazi yake aliijua nje ndani. Akapulizia sebule, akapulizia jiko, akapulizia stoo mpaka nyuma ya makabati. Alipofungua mlango wa chumba cha kulala, miguu ikagoma.

Kitanda kilikuwa kimevutwa katikati kama walivyoagizwa, lakini kwenye kamba zilikuwa zimesahauliwa nguo ambazo mkwe hapaswi kuziona hata kwa bahati mbaya. Mwanamume gani mwenye akili timamu angeingia humo? Angeweza kumwita mwenzake aliyekuwa akipulizia nyumba ya jirani, ila mdomo wa yule bwana hauna breki. Kabla ya jioni kikosi kizima kingekuwa hoi kwa kicheko. Akaurudisha mlango taratibu, akatoka, akachora kwa chaki kwenye mlango wa mbele ile alama ya nyumba iliyokwisha kupuliziwa.

"Tayari, mama," akasema, macho chini.

"Ahsante, mkwe wangu. Mungu akuzidishie."

Dua hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila siku alijiambia atatafuta namna, na kila siku akapiga chenga. Mvua zikanyesha. Shule zikafungwa, na binti yake mdogo akaenda kukaa kwa bibi, akawa analala naye kitanda kimoja.

Alipoitwa zahanati, alimkuta mtoto ametundikiwa dripu, midomo imepauka, hamtambui mtu. Mama mkwe alikuwa akibishana na muuguzi.

"Malaria itoke wapi? Nyumba yangu kaipulizia mkwe wangu mwenyewe! Hata neti nimeikunja."

"Dawa haimzuii mbu kuuma, bibi. Humuua anapotua ukutani. Neti ilitakiwa ibaki," muuguzi akasema. "Na huyu mmemchelewesha mno. Damu imepungua sana."

"Nilijua ni mafua. Nikawa namkanda maji tu."

Mpulizaji dawa alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini mama mkwe alimgeukia ili amtetee, na hapo akashindwa.

"Mama, chumbani kwako sikuingia."

"Hukuingia?"

"Nilikuonea haya. Kulikuwa na nguo zako kwenye kamba."

Tangu amuoe binti yake, mama mkwe hakuwahi kumtazama usoni. Sasa alimtazama.

"Ungesema tu, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Ningetoa hizo nguo, nikaenda kukaa hata kwa jirani. Mimi nilikuamini wewe kuliko homa ya mtoto."

Usiku ule hakuna aliyelala. Kulipokucha mtoto akaomba maji, akamwita bibi yake kwa jina lao la utani. Bibi akalia. Kisha akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa ufunguo wa chumba, akamwekea mkwe wake kiganjani.

Mpulizaji dawa alikwenda moja kwa moja kwa yule mwenzake wa mdomo usio na breki, akamweleza yote, hata habari ya nguo kwenye kamba. Akasubiri kicheko, safari hii alikitaka.

Mwenzake hakucheka. Alibeba bomba lake, akachukua ule ufunguo, akatangulia.