Amemaliza Dozi

Jua la saa sita lilikuwa limekwishafukuza ukungu wote wa Kwembago. Wanawake walipalilia kabichi jasho likiwatiririka, na Mwanahawa alikuwa amevaa sweta mbili. Alipiga jembe moja, akapumzika. Akapiga la pili, akakaa chini kabisa.

Mama mkwe wake, Bi Mwajuma, alimwona kutoka ngazi ya chini ya shamba.

"Jamani, mimi nimemwoza mwanangu mke au nimeletewa gogo?"

Wenzake wakacheka. Mwanahawa alitaka kujibu, lakini siku hizi maneno yalimjia polepole, na sauti ilikuwa ikikwaruza kama ya mzee. Uso ulimvimba, nywele zilibaki kwenye kitana. Alipopata la kusema, wenzake walikuwa wameshahamia habari nyingine.

Alikatwa rovu katika hospitali ya misheni, miaka ile matibabu yalipokuwa bure. Lilimning'inia shingoni tangu usichana, na madaktari walilitoa lote. Sista Dorkasi akamkalisha kitandani akamweleza vizuri: hicho tulichokitoa ndicho kilichokuwa kinaupa mwili wako joto na nguvu, sasa kidonge hiki kinashika nafasi yake. Umeze kila alfajiri, tumbo tupu, kwa maji matupu. Chai na chakula vingoje. Ukisahau leo, kesho usimeze viwili. Na usiache, hata ukijisikia mzima.

"Mpaka lini, Sista?"

"Mpaka Mungu akuite. Na ukishika mimba, ndipo usithubutu kabisa kuacha. Uje tukupime, maana huenda tukaongeza. Mtoto tumboni anakutegemea wewe. Ukimpunja, anaweza kuzaliwa akili haikukomaa."

Akayashika maneno hayo. Akimaliza sala ya alfajiri, anameza. Miaka ikaenda, akalima, akabeba mizigo, akaolewa. Kisha wafadhili wakafunga mradi wao wakarudi kwao, hospitali ikaanza kudai pesa, na Sista Dorkasi akahamishwa. Ikaja ruksa, kila mwenye pesa akaruhusiwa kuingiza bidhaa. Kila kitu kikapanda mlimani: mitumba, redio, bia za kopo, hata marashi ya kunukia kwa mita mia. Kidonge kile tu ndicho hakikupanda. Mwenye duka la dawa Mlalo alipotaja bei ya kukiagiza, Mwanahawa alidhani ni ya kopo zima. Kumbe ni ya kidonge kimoja.

Akaanza kuvikata vilivyobaki kwa wembe, nusu, halafu robo. Navyo vikaisha. Mimba yake sasa ilikuwa imeingia mwezi wa tano.

Mumewe Selemani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ndama mmoja, na alimwambia mkewe mbele ya mama yake kwamba atamuuza, ashuke Tanga akavitafute.

"Umuuze ndama kwa mtu asiyeumwa?" Bi Mwajuma aliuliza. "Shingo yake hiyo laini. Dawa gani isiyokuwa na mwisho? Malaria tunameza, tunamaliza dozi. Minyoo tunameza, tunamaliza dozi. Yeye ana ugonjwa gani wa kula vidonge kama mahindi?"

"Mama, tungoje mkutano wa Jumamosi," Selemani alisema. "Hezekia anasema mkubwa anakuja na mambo ya dawa. Ikishindikana, Jumapili ndama anashuka."

Hezekia ndiye aliyekuwa tabibu wa zahanati ya Kwembago. Ijumaa Mwanahawa alimfuata.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Wewe tena?" Alifungua boksi la dawa lililoletwa kutoka wilayani, akamwonyesha. "Panadol, klorokwini, za minyoo. Yako haimo. Haikuwahi kuwamo. Rovu sasa halina fungu, wamesema linamalizwa kwa chumvi yenye madini joto."

"Chumvi itanisaidia nini mimi? Kilichokuwa kinaitumia kimeshakatwa."

Hezekia alilijua hilo vizuri kuliko yeye. Akafunga boksi, akapunguza sauti.

"Sikiliza, dada yangu. Kesho anakuja Mheshimiwa kutoka wilayani, na wameniagiza niwatafutie mtu aliyekuwa na rovu akapona. Wewe kaa mbele. Akikuita, mweleze shida yako pale pale, watu wote wanasikia. Mkubwa hawezi kukataa mbele ya watu."

Mwanahawa aliondoka na matumaini. Njia nzima aliyapanga maneno, machache, ili yasimponyoke: Mheshimiwa, nimeishiwa vidonge, nina mimba, naomba unisaidie.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Lori la chumvi liliegeshwa pembeni, mali ya mfanyabiashara aliyekaa meza kuu bega kwa bega na Mheshimiwa, wakinong'onezana na kucheka. Vijana wa lori walikuwa wameshaanza kuuza pakiti. Baada ya ngoma na hotuba ndefu, Hezekia alimnyooshea Mwanahawa kidole.

Mheshimiwa alishuka mwenyewe kumpokea. Akamshika kidevu, akakiinua, akamgeuza kushoto na kulia kama mnunuzi mnadani.

"Mnaiona shingo hii? Mnaiona?"

"Tunaiona!"

"Haya mama, waeleze wananchi. Vipi hali?"

Kipaza sauti kikamfikia mdomoni. Mwanahawa alivuta pumzi. Ulimi ulikuwa mzito, na kile kidevu bado kilikuwa kimeshikwa.

"Vidonge…" alisema. Watu wakatulia. "Vidonge… nimemaliza…"

"Amemaliza dozi!" Mheshimiwa alipaza sauti. "Mmesikia wenyewe? Amemaliza dozi, amepona! Huyu hana haja ya vidonge tena. Sasa kazi ni kulinda, na kinga ni nini?"

"Chumvi!"

"Hapana," Mwanahawa alisema. "Nina mi…"

Kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi mwa mfanyabiashara. Makofi yakapigwa, vigelegele vikapanda, akapewa pakiti mbili za chumvi, akapigwa picha. Alimtafuta Hezekia kwa macho. Hezekia alikuwa anapiga makofi na wenzake, kichwa chini. Hapo ndipo mtoto alipocheza tumboni kwa mara ya kwanza, kidogo tu, na Mwanahawa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Aliposhuka, wanawake walimzunguka. Mmoja, rovu lake limefunikwa kwa khanga, alimgusa shingo kwa vidole viwili.

"Ulikuwa unatia vijiko vingapi, dada?"

"Nilikatwa," Mwanahawa alisema. "Kwa kisu."

Lakini yule mama alikuwa ameshageuka, anawahi foleni ya lori.

Selemani alikuja anapenya katikati ya watu, uso umemng'aa. Hakuna aliyepiga makofi kumshinda.

"Mke wangu! Kumbe ulimaliza dozi, na hukuniambia?"

"Selemani, vimeniishia. Sikumaliza, vimeniishia."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Mkubwa kasema mbele ya kijiji kizima. Angesema uongo, mtu msomi kama yule?" Akacheka kwa furaha, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillahi. Ndama naye atakua, tupate maziwa ya mtoto."

Bi Mwajuma aliichukua ile chumvi, akaipima uzito mkononi, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

Wakashika njia ya kupanda nyumbani. Mama na mwana walitangulia wakizungumza habari za zizi jipya. Kwenye mwinuko Selemani aligeuka akamwona mkewe chini kabisa, amesimama, mkono mmoja tumboni na mwingine umeshika mgomba.

"Twende bwana!" alimwita. "Mbona unajikokota? Wewe si mgonjwa tena."